Fokasi ya Nyuma ya Ukuta

Shaaban Farijala alikuwa mtu wa vipimo. Ukikaa naye barazani kwake Kikuyu, mjini Dodoma, kunywa kahawa, angekuambia kwamba kutoka puani mwako hadi mlango wa jirani ni futi kumi na tisa, na usibishe, maana angesimama akapime, ukaaibika mbele za watu. Hakuzaliwa na tabia hiyo. Aliipata katika miaka kumi na moja aliyokuwa mshika fokasi kwenye kikosi cha filamu cha serikali, na kazi ilipomtoka, tabia ikabaki.

Mshika fokasi ni mtu asiyejulikana. Watu wanamjua mpiga picha, yule aliyegandisha jicho kwenye kamera. Hawamjui aliyesimama ubavuni mwake, ambaye hata picha yenyewe haioni. Kamera kubwa ya filamu haina akili ya jicho la mtu. Unayempiga picha akisogea hatua moja, sura yake inaingia ukungu, mpaka awepo mtu wa kuzungusha pete ya lenzi taratibu kufuata hatua zile. Kabla ya kazi anapima kwa tepu kutoka kamera hadi kila mahali atakapopita mhusika; kazi ikianza anazungusha pete kwa namba alizoandika. Akifanya vizuri hakuna anayejua kama yupo. Akikosea, kila mtu anamtafuta.

Mwaka wa tisini na mbili serikali ilipunguza watu, na kikosi cha filamu kikapunguzwa mpaka kikabaki jina. Shaaban alipewa barua ya mistari minne. Akarudi Dodoma, mji ambao babu zake waliingia na misafara wakiwa na mizigo begani, wakachoka, wakaona hapa panatosha. Akafungua karakana ya redio Kizota, katikati ya mchomeleaji mageti na fundi wa matela ya trekta. Mwaka ule wa kwanza aliyewalisha hasa ni mkewe Khairat, kwa cherehani yake ya barazani. Shaaban hakupenda kulizungumza jambo hilo, kwa hiyo ni vizuri likazungumzwa hapa.

Zilikuwa siku za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa. Vitu ambavyo zamani ulivisikia kwa mabaharia sasa vilimwagwa chini sokoni, juu ya turubai. Siku moja, kwenye robota la mitumba, Shaaban akaokota ndege ya kuchezea yenye bawa moja, na rimoti yake. Mwuzaji aliona takataka. Shaaban aliona kingine. Ukikisogeza kidogo kijiti cha rimoti, usukani wa mkiani nao ulisogea kidogo. Ukikiacha palepale, nao ulibaki palepale. Hakukuwa na waya wowote katikati.

Akakaa nayo miezi minane. Alitoa mota ya usukani, akaifunga kwenye kipande cha bati pamoja na kile kigurudumu cha mpira kinachojazia bobini kwenye cherehani, ambacho Khairat alikitafuta wiki nzima. Kigurudumu kikaegemea pete ya lenzi, mota ikigeuka na pete inageuka. Kila mchomeleaji jirani alipogusa chuma, mota ilitetemeka kama mtu mwenye homa, mpaka Shaaban alipozifunga nyaya zake kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara. Watu wakadhani ameanza kuvuta. Mwisho wake akawa na kisanduku cha mbao chenye kijiti, na kuzunguka kijiti kadi ya kuandikia namba. Angeweza kusimama futi sitini kutoka kwenye kamera akaishika fokasi. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo si dogo: hakuwa na kamera.

Kamera ililetwa na Bartolomayo. Huyu alikuwa mpiga picha wake wa zamani, aliyepunguzwa siku moja naye, ila yeye akaenda Dar es Salaam kufungua kampuni ndogo ya filamu. Sasa alikuwa amepewa kazi na kituo cha televisheni cha ng'ambo: filamu juu ya watu wa Dodoma ambao wazee wao walikuja na misafara. Kilichotakiwa katikati ya filamu ni harusi. Ikapatikana harusi ya Jaha, mjukuu wa Bibi Mwajabu, na Bartolomayo akaenda na Shaaban kuomba ruhusa.

Bibi Mwajabu aliitikia shikamoo zao, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka masharti yake. Siku ya wanawake kumtoa bibi harusi, mwanamume hakanyagi ukumbini. Si kwamba kuna cha kuficha. Watakaa na mitandio yao. Lakini mwanamume akisimama pale wanawake hawaimbi, na wasipoimba hakuna harusi. Kamera aliikubali, kwa kuwa kamera haimkodolei mtu macho. Na mkanda ukishatoka, wanawake watautazama kwanza wao wenyewe, na watakachokikataa kitakatwa.

Walipotoka nje Bartolomayo alikuwa amenywea. Mwanamke wa kushika kamera angeweza kufundishwa, alisema, lakini mshika fokasi hafundishwi kwa wiki mbili, na ukumbi ule una giza, lenzi itabidi ifunguliwe yote, na lenzi ikifunguliwa yote haisamehe hata inchi tatu.  Shaaban alimpeleka Kizota akamwonyesha kisanduku.

Bartolomayo alikichezea robo saa. Alipokirudisha alisema maneno ambayo Shaaban aliyasikia masikioni kwa siku nyingi: "Hiki kikifanya kazi, nakurudisha kwenye filamu. Kisipofanya, harusi hairudiwi, na mimi nitakuwa sina filamu."

Wa kushika kamera alikuwa Khairat. Mkono wa fundi cherehani hautetemeki, na Bartolomayo alikiri kwamba katika wiki mbili mama huyu aliijua kamera kuliko vijana wawili aliowahi kuwalipa. Lakini swali lilibaki. Shaaban akiwa nyuma ya ukuta, atajuaje bibi harusi yuko wapi? Yeye mwenyewe ndiye aliyelijibu. Harusi ya wanawake ina mpangilio wake. Kuna wimbo wa kumtoa chumbani, naye anasimama mlangoni. Kuna wimbo wa kumkabidhi kwa mashangazi, naye yuko kwenye mkeka. Kuna wimbo wa kumtuza, naye ameketi kitini. Shaaban alizisikia nyimbo hizo nyuma ya ukuta tangu utoto wake; kila mwanamume wa mji ule anazijua, ingawa hakuna anayeruhusiwa kuziimba. Masikio yangemwambia yale ambayo macho yamekatazwa.

Asubuhi ya siku yenyewe walikwenda kupima ukumbi kabla ya wageni. Umeme ulikuwa umekatika, mambo ya mgao, na mle ndani mlikuwa na giza kiasi kwamba ukichungulia kwenye kitazamio cha kamera huoni kitu. Kuhakikisha kwa jicho hakukuwezekana. Ilibaki tepu peke yake. Tepu ya Bartolomayo ilikuwa imeondoka na gari lililokwenda kupiga picha mashamba ya zabibu. Khairat akatoa ya kwake mkobani, ile ya kitambaa anayopimia nguo. Shaaban akashika ncha kwenye alama ya kamera, macho kwenye alama asiteleze. Khairat akaivuta kuelekea kitini, akaisoma, akanyamaza kidogo, akataja namba. Wakapima na mkeka, wakapima na mlango kwa kuilaza tepu mara tatu, na kila mara Khairat alinyamaza kidogo kabla ya kutaja. Shaaban alidhani ni lile giza. Akaandika namba tatu kwenye kadi.

Umeme ulirudi saa nane. Saa tisa alasiri Shaaban alikuwa kwenye ua wa jirani, juu ya kinu kilichopinduliwa, kisanduku mapajani, na mbele yake ukuta wa matofali. Vigelegele vikapanda. Wimbo wa mlangoni ukaanza, akakipeleka kijiti kwenye namba ya mlango. Wimbo ukageuka, naye akakishusha kwa mwendo wa bibi harusi, hatua kwa hatua, kadiri anavyotembea mtu aliyeinamisha kichwa. Jasho lilimtoka mpaka viganjani. Mkanda wa mwisho ulipokwisha Khairat akagonga ukuta mara mbili kama walivyokubaliana, na Shaaban akagundua kwamba anatabasamu peke yake kama mwendawazimu. Kwa mara ya kwanza tangu ile barua ya mistari minne, alikuwa kazini.

Bartolomayo alichukua mikebe ya filamu akaenda nayo Dar es Salaam, ikapandishwa ndege kwenda kusafishwa Ulaya. Huku nyumbani kusingejulikana lolote kwa wiki saba.

Siku ya nne baada ya harusi Shaaban alitaka kipande cha turubai kwa ajili ya dirisha la chumba chao. Khairat alikuwa amekwenda kumpelekea mteja nguo. Shaaban akachukua tepu juu ya cherehani, akaishika ncha, akapima dirisha, na namba aliyoipata ilimshangaza, maana dirisha hilo alishalipima mara nyingi, kama alivyopima kila kitu. Akaitazama ncha ya tepu. Haikuwa na kile kibati cha mwisho. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi, sawasawa kabisa, na namba ya kwanza kwenye tepu ilikuwa tano. Inchi nne hazikuwepo.

Akakaa chini, palepale sakafuni. Kila namba aliyoandika kwenye kadi ilizidi kwa inchi nne, na ya mlangoni, iliyopimwa kwa kuilaza tepu mara tatu, ilizidi kwa kumi na mbili. Lenzi haisamehe inchi tatu. Jaha ameingia ukungu tangu mlangoni hadi kitini, na mkanda uko njiani Ulaya, na harusi hairudiwi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Khairat angerudi baada ya nusu saa, na swali lenyewe lilikuwa la maneno matano. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Shaaban aliirudisha tepu juu ya cherehani, akaikunja kama alivyoikuta, akaenda zake Kizota. Alijiambia kwamba anamhurumia mkewe. Akijua tepu yake ndiyo iliyoharibu harusi ya watu, ataumia. Huruma ilikuwepo, tusimwonee. Lakini kubwa lilikuwa woga. Asipouliza, ingebaki nafasi ndogo kwamba picha imepona. Akiuliza, huenda isingekuwepo hata hiyo.

Wiki zile zilimkondesha. Alirudisha redio ya mchunga ng'ombe mmoja ikiwa na spika ndani na waya nje, na mwenyewe akatembea nayo kutoka Kizota hadi stendi kabla ya kugundua. Aliacha kupima vitu. Watu wa barazani walimtega kwa makusudi, wakabishana kwa sauti kubwa juu ya urefu wa nguzo, naye akanywa kahawa yake kimya. Khairat alimwuliza kama anaumwa. Akajibu ni joto.

Wiki ya tano akamwandikia Bartolomayo barua. Alimweleza kwamba mkanda ukitoka na ukungu asimtafute mchawi: alipima vibaya, kosa ni lake peke yake, Khairat asilaumiwe kwa lolote, na kile kisanduku hakina hatia. Tepu hakuitaja. Alipoidumbukiza posta alijisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyekwisha kung'olewa jino, ingawa shavu bado limevimba.

Bartolomayo alifika Jumamosi moja, na projekta ndani ya gari na mkanda ndani ya mkebe. Shaaban alimtazama usoni kutafuta habari, lakini usoni hapakuwa na kitu zaidi ya vumbi la safari. Bartolomayo mwenyewe alikuwa hajautazama mkanda. Alikuwa amemwahidi Bibi Mwajabu kwamba wanawake wataanza, na kwa ajili ya barua ile, alisema, hata hamu ya kuchungulia hakuwa nayo. Khairat akafundishwa kuiendesha projekta, shuka likatundikwa ukumbini, madirisha yakazibwa kwa kanga, na wanaume wawili wakaachwa nje, Bartolomayo kwenye gari, Shaaban tena kwenye ua wa jirani.

Projekta ikaanza kuguruma. Wanawake wakanyamaza. Shaaban alijua ukimya wa namna mbili, wa watu wanaoona na wa watu wasioelewa wanachokiona, na kutoka nyuma ya ukuta hakuweza kuutofautisha. Ukaendelea. Akahesabu mpaka arobaini. 

Ndipo sauti ya mwanamke mmoja ikasema, bila papara, kwamba hina ya kidole cha tatu cha Jaha imeruka. Nyingine ikasema ni kweli, na ni kosa la Kuluthumu, aliyepaka akisinzia. Kuluthumu akajitetea. Mwingine akauliza mbona shangazi mkubwa ana jino moja tu mbele, wakati mwaka jana yalikuwa mawili. Vicheko vikaanza kuporomoka. Wakahesabu shanga. Wakasoma maneno ya kwenye kanga za watu waliosimama nyuma ya bibi harusi, neno kwa neno. Kisha sauti ya Bibi Mwajabu ikawapita wote: mahali pale alipoinua mkono kumtuza mjukuu wake pakatwe, kwa sababu mshono wa kwapani umeachia na nyuzi zote zinaonekana, na yeye hakuzeeka ili akaonekane kwapa na Wazungu.

Nyuzi. Shaaban aliegemeza kipaji cha uso kwenye matofali. Nyuzi za mshono zinaonekana. Machozi yalimtoka hivihivi, bila kuomba ruhusa, akakaa chini vumbini akiwa na kanzu yake safi, akasema alhamdulillahi mpaka ulimi ukachoka. Mzigo wa wiki sita ulimtoka kwa pumzi moja. Alitamani kumkumbatia mtu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu alikumbatia magoti yake.

Khairat alimkuta hivyohivyo, Bartolomayo akimfuata nyuma, amechangamka, barua mkononi. Bartolomayo akamwuliza Shaaban ni masihara gani haya ya kumnyima mtu usingizi wiki mbili nzima kwamba vipimo vimekosewa, na sasa wanawake wanahesabu nyuzi.

"Vipimo gani?" akauliza Khairat.

Hapo Shaaban hakuwa na pa kujificha. Akasema yote: dirisha, tepu, ncha iliyokatwa, inchi nne. Akasema hajui picha imeponaje, labda ni rehema tu.

Khairat alimsikiliza mpaka mwisho. "Tepu ile niliikata mwenyewe mwaka juzi, ncha ilipochanika," alisema. "Kila ninachopima natoa nne. Hata siku ile nilikuwa natoa nne ndipo nakutajia. Kanzu hiyo uliyoikalia vumbini niliipima kwa tepu hiyohiyo. Inakubana?"

Shaaban akaitazama kanzu yake. Ilimkaa vizuri kabisa.

"Kwa nini hukuniuliza, Baba Hawa?"

Akasema aliogopa. Khairat akatikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomwingia Shaaban zaidi. "Hukuogopa tu," alisema. "Hukudhani najua. Uliona tepu imekatwa, ukasema huyu fundi miaka yote hii hajaona kuwa tepu yake imekatwa."

Ilikuwa kweli, na Shaaban aliuona ukweli wake papo hapo. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akinung'unika kwamba hakuna anayemjua mshika fokasi, alikuwa amekaa miaka tisa nyumba moja na fundi asimjue. Aliona haya. Lakini ilikuwa haya iliyochanganyika na raha, kwa kuwa mkanda ulikuwa salama, na mke wake amesimama mbele yake akipangusa vumbi la kanzu aliyoishona mwenyewe. Akamwomba radhi, mbele ya Bartolomayo, kwa maneno kamili, na Khairat akasema yamekwisha.

Bartolomayo alikuwa ameshatoa kalamu. Wa ng'ambo walitaka orodha ya majina ya kuandikwa mwisho wa filamu, kila mtu na kazi yake, na yeye alitaka kuimaliza kabla ya kuondoka. Akaiweka karatasi juu ya boneti la gari, akauliza kwenye fokasi aandike nani.

"Andika watu wawili," akasema Shaaban. "Shaaban Farijala na Khairat Amiri."

"Langu litangulie," akasema Khairat, akiweka sawa mtandio wake. "Mimi ndiye niliyepima."

Bartolomayo akamtazama Shaaban. Shaaban akaishika karatasi kwa viganja viwili isipeperushwe na upepo, akangoja jina la mkewe liandikwe kwanza.